Mlinganyo Unapokwama: Kutafuta Chanzo cha Makosa ya Mwanafunzi Anayeanza Aljebra

Mwanafunzi anaposema kwamba hesabu za x zimemshinda, bado hajatueleza jambo tunaloweza kulifanyia kazi. Kinachotueleza ni daftari lake. Katika mistari minne au mitano ya swali alilokosa huwa kuna mstari mmoja ambapo hesabu iliharibika kwa mara ya kwanza, na mstari huo, ukisomwa kwa utulivu, unaonyesha kile hasa anachokiamini kuhusu namba, kuhusu herufi au kuhusu alama ya sawasawa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzazi, kaka, dada au mwalimu wa tuisheni aliyeko Mtwara, Masasi, Nachingwea, Lindi au Kilwa, ambaye jioni amekaa mkekani na mtoto wa darasa la saba au wa kidato cha kwanza, na anataka kujua kosa linatoka wapi kabla ya kumwongezea maswali mengine ishirini. Mtoto mwenye dhana isiyo sahihi akipewa maswali ishirini, anapata nafasi ishirini za kuizoea dhana hiyo.

Anza kwa kumpa mlinganyo mmoja tu, kwa mfano 3x + 5 = 20, umwombe autatue huku akisema kwa sauti kila anachokifanya. Usimsahihishe katikati, na usigune anapokosea, kwa kuwa mtoto akisikia mguno huacha kusema anachofikiri na kuanza kukisia unachotaka kusikia. Kisha mpe maswali manne mafupi ya kujibu kwa mdomo au kwa kuandika: ni namba gani inajaza kisanduku katika 8 + 4 = □ + 5; ikiwa x ni 4, je, 3x ni ngapi; 3 − 7 ni ngapi; na ikiwa nusu ya namba fulani ni 6, namba hiyo ni ipi. Majibu ya maswali haya, pamoja na mstari ulioharibika, yatakuonyesha ni sehemu gani ya maelezo yafuatayo inamhusu.

Anajaza 12 kwenye kisanduku, au anaunganisha alama za sawasawa mfululizo

Jibu sahihi la kisanduku ni 7, kwa sababu 8 + 4 ni 12 na 7 + 5 ni 12 pia. Mtoto anayejaza 12 ameisoma alama ya sawasawa kama amri ya kuandika jibu, na anayejaza 17 amejumlisha kila namba aliyoiona. Chanzo chake kinaeleweka: tangu darasa la kwanza amekutana na hesabu ambazo kazi iko kushoto na jibu liko kulia, kama 6 + 3 = ?, na kwa miaka yote hiyo dhana yake haikumletea hasara, kwani karibu kila swali lilikuwa na umbo hilohilo. Ni aljebra inayoiumbua dhana hiyo. Katika 5x + 2 = 3x + 12 hakuna upande ulio jibu wala upande ulio kazi; kuna maelezo mawili ya kiasi kimoja, na mtoto anayetafuta "jibu" upande wa kulia hana pa kuanzia.

Dalili nyingine ya chanzo hikihiki hufichika zaidi, kwa sababu mwisho wake ni jibu sahihi:

3x + 5 = 20 − 5 = 15 ÷ 3 = 5

Wasaidizi wengi huitia tiki kazi hii na kuendelea. Mimi nashauri uisimamishe siku hiyohiyo. Mstari huo unasema kwamba 20 − 5 ni sawa na 15 ÷ 3, yaani 15 ni sawa na 5, na mtoto aliyeuandika hakuona tatizo lolote. Kwa swali hili amepona, kwa sababu herufi iko upande mmoja tu. Swali la kwanza lenye herufi pande zote mbili litamkwamisha, na wakati huo hatajua kwa nini njia iliyompa tiki jana haifanyi kazi leo.

Mwanahisabati wa Wales aliyeitwa Robert Recorde ndiye aliyechapisha alama hii kwa mara ya kwanza mwaka 1557, na alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Wazo hilo ndilo la kumpa mwanafunzi: alama ya sawasawa inasema jambo kuhusu pande mbili, kama mizani ya sahani mbili iliyotulia. Ukipunguza kilo upande mmoja lazima upunguze kilo upande wa pili, la sivyo mizani inalalia upande mmoja na alama ile haina haki ya kubaki pale.

Zoezi linalosaidia hapa halina herufi hata moja. Mwandikie sentensi za namba, umuulize kila moja kama ni kweli au si kweli: 7 = 7; 9 = 4 + 5; 6 + 2 = 5 + 3; 10 − 3 = 8 − 2. Watoto wengi hukataa 9 = 4 + 5 wakisema imeandikwa kinyumenyume, na wengine hukataa 7 = 7 kwa sababu "hakuna hesabu hapo". Usikimbilie kumweleza, muulize kila upande una ngapi, kisha aamue mwenyewe. Sentensi ya mwisho si kweli, maana upande mmoja una 7 na mwingine una 6, na ni vizuri aiseme kwa kinywa chake. Baada ya siku chache za mazoezi haya mafupi, mfundishe kuandika kila hatua kwenye mstari wake na kupanga alama za sawasawa zisimame wima, moja chini ya nyingine. Si urembo wa daftari tu: anayepanga hivyo anaziona pande mbili za mlinganyo kila wakati.

Anageuza 3x + 5 kuwa 8x, au anasema 3x ni 34

Hapa tatizo ni herufi. Katika namba za kawaida, tarakimu zikiandikwa pamoja zina maana ya makumi na mamoja, kwa hiyo mtoto anayesema kwamba 3x ni 34 pale x inapokuwa 4 ametumia kanuni anayoijua vizuri sana mahali isipostahili. Anayejibu 7 amejumlisha, na hata yeye ana sababu: 3½ huandikwa vikiwa vimebanana na maana yake ni 3 kujumlisha ½. Hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba namba ikiandikwa kando ya herufi bila alama yoyote katikati, alama iliyofichwa ni ya kuzidisha. Mwambie, kisha kwa wiki moja mruhusu aandike 3 × x kwa kirefu. Kama x yake na alama yake ya kuzidisha vinafanana, jambo linalotokea sana, badilisha herufi utumie n au k.

Kosa la 8x lina mzizi tofauti kidogo. Mtoto anaona alama ya kujumlisha na anajisikia analazimika kumaliza kazi. Kuacha 3x + 5 jinsi ilivyo kunaonekana kwake kama kuacha swali halijajibiwa. Maneno peke yake huwa hayatoshi kuondoa hisia hiyo, kwa hiyo chukua viberiti vitatu vitupu na punje za mbaazi arobaini. Mtoto akiwa amegeuka, weka punje tano katika kila kiberiti na uvifunge. Panga viberiti hivyo vitatu na punje tano za nje upande wa kushoto wa fimbo iliyolazwa mkekani, na punje ishirini upande wa kulia. Mwambie kwamba pande zote mbili zina punje sawa, na kwamba kila kiberiti kina idadi ileile. Kazi yake ni kujua idadi hiyo bila kufungua.

Mwache ahangaike. Kwa kawaida mkono wake huenda kwenye punje tano za nje, anaziondoa, kisha anasita, na hapo ndipo pa kumuuliza kama pande mbili bado ziko sawa. Akishaona kwamba lazima aondoe tano upande wa kulia pia, hubaki na viberiti vitatu mkabala na punje kumi na tano, na kuzigawa punje hizo katika mafungu matatu hakuhitaji kufundishwa. Ndipo afungue kiberiti kuhakikisha. Sasa mrudishe kwenye 8x na umwombe akuonyeshe viberiti vinane. Havipo, vipo vitatu tu na punje tano za nje, na punje ya nje haiwezi kugeuka kiberiti.

Kuna tahadhari moja ambayo naisisitiza kwa sababu kosa lake huzaliwa na wasaidizi wenyewe. Usimwambie mtoto kwamba x ni kiberiti, wala kwamba k ni korosho na m ni muhogo. Herufi inasimama badala ya namba: x ni idadi ya punje zilizomo ndani ya kiberiti, na k ni idadi ya kilo za korosho au bei ya kilo moja, kulingana na swali. Mtoto aliyezoeshwa kwamba k ni korosho yenyewe atafika kwenye mafumbo na kuandika vitu badala ya namba, na itakuwa vigumu kumrudisha.

Anahamisha namba, na inabadilika hata isipotakiwa

Kanuni ya "ikivuka hubadilika alama" imeenea kila mahali, na kwa 3x + 5 = 20 inatoa jibu upesi: tano inavuka, inakuwa hasi tano. Shida ni kwamba mtoto ameshika mwendo bila kujua sababu yake, kwa hiyo anautumia popote. Ukimpa 2x = 10, utaona mojawapo ya haya mawili: x = 10 − 2, inayompa 8, au x = 10 ÷ (−2), inayompa hasi 5. Wa kwanza ameivusha mbili kana kwamba ilikuwa imejumlishwa kwenye x. Wa pili ameitii kanuni kwa uaminifu wote: mbili imevuka, basi ikabadilika alama. Huyu wa pili anastahili heshima, kwa sababu amefanya alichoambiwa.

Marekebisho ni kuiweka kanuni hiyo kando kwa muda na kumwandikisha tendo lenyewe pande zote mbili:

3x + 5 = 20
3x + 5 − 5 = 20 − 5
3x = 15
3x ÷ 3 = 15 ÷ 3
x = 5

Ni mistari mirefu, na mtoto mwepesi atalalamika. Mweleze kwamba anaruhusiwa kuifupisha atakapoweza kusema, kwa kila mstari, ni tendo gani amelifanya pande zote mbili na kwa nini amelichagua hilo. Swali la kumuuliza ni lilelile kila mara: "x imefanywa nini hapa?" Ikiwa imejumlishiwa tano, tunatoa tano; ikiwa imezidishwa kwa tatu, tunagawanya kwa tatu. Kwa mtoto aliyejibu kwamba nusu ya namba ni 6 basi namba ni 3, tatizo ni hilohilo la kutolitambua tendo la kinyume: x ÷ 2 = 6 inahitaji kuzidisha kwa 2, nayo x ni 12.

MAGAZIJUTO inapomwelekeza vibaya

Karibu kila mtoto aliyepita shule ya msingi hapa nchini anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri wa kukokotoa, lakini ina mahali pawili ambapo humkwamisha anayeanza aljebra.

Pa kwanza ni mpangilio wa kutatua. Kwa kuwa kugawanya kunatajwa kabla ya kutoa, mtoto hukimbilia kugawanya kwanza katika 3x + 5 = 20, na hugawanya vile anavyoviona vinagawanyika, akiandika x + 5 = 20 ÷ 3 na kuiacha ile tano bila kuguswa. Mwonyeshe kwamba aliyeutunga mlinganyo alianza na x, akaizidisha kwa tatu, kisha akajumlisha tano. Anayetatua anafumua kazi hiyo kuanzia tendo la mwisho, kwa hiyo tano inaondoka kwanza na tatu inafuata. Kugawanya kwanza si haramu, ila lazima kila kipande cha kila upande kigawanywe, na mara nyingi kunaleta sehemu zisizo za lazima.

Pa pili ni kujumlisha na kutoa. Mpe 10 − 4 + 3. Akijibu 3, ameijumlisha 4 na 3 kwanza kwa sababu "JU" imetangulia "TO". Jibu sahihi ni 9, kwani matendo hayo mawili yana ngazi moja na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa hili likiachwa litajitokeza tena katika 10x − 4x + 3x, ambayo ni 9x, na msaidizi atadhani mtoto haelewi herufi kumbe shida imetoka kwenye namba za kawaida.

Anakwama palipo na alama hasi

Mpe 7 − x = 3. Mtoto anayejibu 10 amejumlisha 7 badala ya kuitoa, kwa sababu ameiona alama ya kutoa na kuifikiria ni ya saba. Mfundishe kwamba alama iliyo mbele ya namba au herufi ndiyo yake, na saba isiyo na alama mbele ni chanya. Anayefika −x = −4 na kuacha hapo, au kuandika x = −4, yuko karibu sana: anahitaji kuona kwamba kinyume cha x kikiwa hasi nne, x yenyewe ni nne. Njia ninayoipendelea kwa swali la umbo hili ni kujumlisha x pande zote mbili tangu mwanzo, ili 7 = 3 + x, na hasi inatoweka kabla haijaleta matata.

Viberiti na mizani havifai tena hapa, maana hakuna punje hasi ya kuweka kwenye kiberiti. Chora mstari wa namba kwenye udongo uani, sifuri katikati, hasi kumi hadi kumi, mtoto asimame juu yake na atembee. Kwa 3 − 7, anaanza kwenye tatu na kurudi nyuma hatua saba, hadi hasi nne. Kuzidisha hasi kwa hasi ndiko kunakosumbua zaidi, na wengi huambiwa tu kwamba hasi mbili zikikutana huwa chanya, kanuni ambayo baadaye huitumia kimakosa katika −3 − 5 wakapata 8. Badala yake mwandikie mpangilio huu auendeleze mwenyewe:

3 × (−2) = −6
2 × (−2) = −4
1 × (−2) = −2
0 × (−2) = 0

Kila mstari jibu linapanda kwa mbili. Muulize (−1) × (−2) itakuwa ngapi ili mwendo usivunjike, naye atasema 2. Kisha kwa −3 − 5 mrudishe kwenye mstari wa namba: hakuna kuzidisha hapo, yuko hasi tatu na anaendelea kurudi nyuma hatua tano.

Mabano na sehemu

3(x + 4) = 27 ikigeuka 3x + 4 = 27, tatu imezidisha cha kwanza na kukisahau cha pili. Mwombe aandike (x + 4) + (x + 4) + (x + 4) na ahesabu nne ziko ngapi. Baada ya kufanya hivyo mara kadhaa hatasahau. Mwonyeshe pia kwamba anaweza kugawanya pande zote kwa 3 kwanza, akapata x + 4 = 9 na x = 5 bila kufungua mabano kabisa. Penye alama hasi mbele ya mabano, kama −2(x − 3), mwandikishe kila zao peke yake: −2 mara x, kisha −2 mara −3, ambayo ni +6.

Kwa sehemu, kama x/2 + x/3 = 10, chanzo cha kukwama huwa kwenye sehemu zenyewe. Mwanafunzi anayejua KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 2 na kwa 3 bila baki) azidishe kila kipande kwa 6, apate 3x + 2x = 60, kisha x = 12. Kosa la kawaida ni kuzidisha upande wa kushoto tu na kuiacha 10 ibaki 10. Kama KDS yenyewe haijui, ahirisha milinganyo ya sehemu na urudi kwenye hesabu za darasa la tano na la sita; hakuna njia ya mkato hapo.

Anatatua vizuri, lakini fumbo likija hajui aandike nini

Jambo la kwanza la kuchunguza kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza ni lugha. Amesoma hisabati kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi, na sasa anaulizwa mambo yaleyale kwa Kiingereza. Huku kwetu wapo pia ambao nyumbani huzungumza Kimakonde, Kiyao, Kimakua au Kimwera, kwa hiyo Kiingereza kwao ni lugha ya tatu. Msomee fumbo lilelile kwa Kiswahili. Akilitatua, usimfundishe aljebra upya. Mtengenezee ukurasa wa nyuma wa daftari wenye maneno ya Kiingereza yanayojirudia katika maswali ya hisabati, kila neno na tendo lake, na kila siku aandike maneno machache bila kuangalia.

Akishindwa hata kwa Kiswahili, tazama namna anavyohamisha sentensi kwenda kwenye alama. Watoto huandika kwa mfuatano wa maneno. "Toa 5 katika namba fulani, unapata 9" huandikwa 5 − n = 9, kwa sababu tano imetajwa kwanza, ilhali sahihi ni n − 5 = 9. Na sentensi "Asha ameokota korosho mara tatu ya alizookota Hamisi" huandikwa 3a = h, tatu ikiwekwa kando ya Asha kwa kuwa ndiko ilikosikika. Mwambie ajaribu kwa namba kabla ya kuandika herufi: Hamisi akiwa na kilo 2, Asha ana ngapi? Atajibu sita bila kusita, na sasa aangalie kama 3 × 6 ni 2. Ataliona kosa mwenyewe na kuandika a = 3h. Ukiongeza kwamba kwa pamoja wana kilo 48, anapata h + 3h = 48, kwa hiyo 4h = 48; Hamisi ana kilo 12 na Asha ana 36.

Tumia mambo anayoyaona msimu wa korosho, kwa kuwa hapo hatapoteza nguvu kulielewa tukio. Kwa mfano: mkulima wa Tandahimba amepeleka chama cha msingi magunia manne yenye uzito sawa, pamoja na kilo 15 zilizobaki kwenye kiroba, mizani imeonyesha jumla ya kilo 335. Kabla ya hesabu yoyote, mtoto aandike sentensi kamili: "g ni uzito wa gunia moja kwa kilo." Bila sentensi hiyo hataelewa amepata nini mwishoni. Kisha 4g + 15 = 335, halafu 4g = 320, na g = 80. Muulize kama kilo 80 kwa gunia ni jambo linaloaminika; akipata kilo 3 au kilo 900, mtoto wa kusini atajua papo hapo kwamba kuna mahali pameharibika. Neno la pembeni kwa walimu: mtoto aliyekosa vipindi kadhaa kwa sababu alikuwa shambani akiokota korosho huonekana kama asiyeelewa mafumbo, kumbe amekosa tu siku ambayo mabano yalifundishwa. Angalia tarehe katika daftari lake kabla ya kuamua lolote kuhusu uwezo wake.

Anapata jibu bila kuonyesha kazi, au anapata nyumbani na kukosa darasani

Mtoto anayekisia kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine hana kosa la kimantiki, na njia yake inaonyesha kwamba anaelewa maana ya mlinganyo kuliko anayehamisha namba bila kuelewa. Usimkaripie. Mpe swali ambalo kukisia hakulifikii upesi, kama 4x + 3 = 13, ambapo x ni 2½, naye mwenyewe ataona haja ya kuandika hatua. Ustadi wake wa kujaribu namba uuhamishie kwenye kuhakiki: kila jibu lirudishwe kwenye mlinganyo wa mwanzo, pande zote mbili zikokotolewe na zilinganishwe.

Anayepata nyumbani na kukosa darasani mara nyingi amefanyishwa maswali ya aina moja tu kwa jioni nzima, akajua kabla ya kusoma kwamba atatoa kisha agawanye. Mchanganyie. Seti hii inagusa karibu kila chanzo kilichoelezwa, na inatosha kwa kikao kimoja:

4x − 7 = 21
15 − 2n = 9
k/4 + 3 = 8
18 = 3 + 5y
−3p = 12
2(m + 5) = 4m − 6

Majibu yake kwa mpangilio huo ni x = 7, n = 3, k = 20, y = 3, p = −4 na m = 8. Swali la nne limewekwa makusudi likiwa na namba peke yake upande wa kushoto, na la mwisho lina herufi pande zote mbili. Akikosa hayo mawili na kupata mengine, rudi kwenye sentensi za kweli na si kweli. Akikosa la pili na la tano pekee, shida ni alama hasi, na milinganyo mingine ingoje mpaka mstari wa namba umkae vizuri.